Nikipata Kadi, Jumamosi Nafunga

Padri nilimwambia nusu. Ninyi wasomaji nawaambia yote, maana ninyi hamnipi malipizi na hamnijui uso.

Mlio nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilipofikia. Kwa aliyenikuta leo, mimi ni Mackrine, miaka ishirini na tisa, wa Kamuli huku Kyerwa. Naishi na mama yangu Mukashema kwenye shamba letu la migomba na kahawa. Baba alishatangulia. Mume sina, mtoto sina, na kwa miaka miwili nimetaka kitu kimoja tu duniani: kompyuta yangu mwenyewe ya kucheza gemu.

Ya dukani iliyo tayari bei yake ni ya wenye nazo. Nikaamua kununua kipande kimoja kimoja na kuiunga kwa mikono yangu.

Vipande vilinionyesha cha moto. Prosesa niliyoagiza Mwanza ilikataa kukaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, niliyonunua Kayanga, matundu na meno havikulingana, nikauza moja kwa hasara ili ninunue inayokubaliana na mwenzake. Kasha la mashine lilikuja kwa basi likiwa limepakiwa chini ya magunia ya dagaa. Kioo chake cha ubavuni kilifika vipande vinne, na mpaka leo kasha linanuka ziwa.

Halafu Egbert, bosi wangu wa steshenari pale Nkwenda, akanikuta naendesha magari ya mashindano kwenye kompyuta ya ofisi huku wateja watatu wamesimama na vyeti vyao wakingoja kopi. Nilikuwa naongoza. Alinifukuza kabla sijafika mwisho wa mbio.

Hilo la kufukuzwa Mama halijui. Wiki ya tano sasa, kila asubuhi navaa sketi ya kazi, naaga, natembea hadi kibanda cha kuchaji simu njia panda, nakaa pale mpaka saa kumi jioni, narudi.

"Kazi imekwendaje?" Mama huuliza.

"Nzuri," najibu.

Basi hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikieni ya wiki hii.

Jumatatu alasiri nilikuwa nimesharudi kutoka njia panda, niko chumbani kwangu naongea na simu. Upande wa pili alikuwa Elipidius, mtu wa Bukoba. Tulikutana kwenye kundi la WhatsApp la wacheza gemu, sura yake nilikuwa sijaiona. Alikuwa anauza kadi yake ya zamani ili anunue kubwa zaidi. Kadi, kwa wasiojua, ni kile kipande kinachochora picha za gemu kwenye kioo. Bila kadi unakaa mbele ya kioo cheusi unajitazama pua.

"Kadi ndiyo imebaki, Elipidius," nikamwambia. "Vingine vyote ninavyo ndani."

"Pawa saplai yako wati ngapi?" akauliza. "Hii kadi inakula umeme, nisikufiche."

Nikainama kutazama chini ya kitanda. Pawa saplai yangu, kile kisanduku kinachogawia mashine umeme, niliitoa kwenye mashine iliyokufa ya ofisi fulani, nikaipata kwa bei ya kutupwa. Kibandiko chake kilisema mia tatu. Ya kufaa ingenichelewesha miezi miwili mingine.

"Mia tano," nikasema.

Niliongeza mia mbili kwa mdomo. Hiyo iandikeni, ndiyo dhambi ya kwanza ya wiki hii.

"Basi haina shida," akasema. "Ila ujue imetumika."

"Nani siku hizi anapata mpya? Sijali kama imetumika. Nimesubiri miaka miwili, Elipidius, nimechoka! Wenzangu wote wameshafunga, nimebaki mimi."

"Niitume kwa basi?"

"Usithubutu! Njoo mwenyewe nyumbani. Mama yupo, hana neno. Nikipata kadi, Jumamosi nafunga."

Maneno hayo ya mwisho yashikeni vizuri. Fundi akisema anafunga mashine, ana maana ya kupachika vipande na kukaza skrubu. Mimi nilikuwa naongelea bisibisi.

Lakini nje ya dirisha langu Mama alikuwa ameinama anageuza kahawa yake juani. Nyumbani Mama anasema Kinyarwanda, na majirani anasema nao Kinyambo. Kiswahili chake amekipata kanisani. Na kanisani kufunga ni mambo mawili tu, Kwaresima au ndoa.

Kwaresima ilikuwa imeshapita.

Jioni ile nikapewa paja la kuku. Kuku, Jumatatu! Nikala bila kuuliza, nani anauliza kuku? Mama alikuwa anaimba nyimbo za kwaya huku anaosha sufuria, na Mama alikuwa hajaimba jikoni tangu tumzike Baba.

Asubuhi yake, tunakunywa uji, akaanza.

"Mackrine mwanangu. Jana nilikusikia kwenye simu."

"Ulisikia nini, Mama?"

"Habari za kadi."

Nikajua nimekwisha. Nikangoja aseme mtu mzima kama mimi, nimekosa haya. Badala yake akatabasamu mpaka pengo lake la pembeni likaonekana.

"Sina ubaya," akasema. "Ila ungeniambia mapema nikusaidie."

Jamani! Mama yangu, anayeiita kompyuta televisheni ya ofisini, ananiunga mkono! Nilitaka kumbeba.

"Niliogopa, Mama. Nilijua utasema ni mambo ya kitoto."

"Ya kitoto? Hakuna jambo la mtu mzima kuzidi hilo! Kadi ngapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Inatosha. Ni kubwa, ina feni mbili."

Mama akafikiri. "Feni ni vizuri. Watu watakuwa wengi."

Nikadhani anasema watu watakaokuja kutazama mbio za magari. Nikafurahi zaidi.

"Na huyu Elipidius ni wa wapi?"

"Bukoba."

"Mhaya. Sawa. Ana akili?"

"Mama, sana! Yeye ndiye aliyenielekeza kila kitu, nianzie wapi, niguse wapi, nisiguse wapi."

Mama akakohoa kidogo, akatazama pembeni. "Dini gani?"

Kijiko kikaniganda mdomoni.

Dini? Muuza kadi anaulizwa dini ya nini? Nikarudisha maneno yangu ya jana moja moja kichwani. Nikipata kadi. Nimechoka kusubiri. Njoo mwenyewe nyumbani. Jumamosi nafunga. Jasho likanitoka na uji haukuwa wa moto hivyo.

"Mama..." nikaanza.

Yeye alikuwa ameshafungua pindo la kitenge. Akaweka bahasha mezani.

"Nimemuuza Mahoro," akasema. "Mjomba wako Mbonimpa amemchukua alfajiri. Hii ni ya kadi."

Mahoro ni mbuzi wake. Kwa kweli Mahoro ni zaidi ya mbuzi. Amemlea kwa chupa tangu mama yake alipokufa, anamwita jina akaitika, na jua likimchoma anamhamishia kivulini kabla hajajihamisha mwenyewe.

Niliitazama bahasha. Ilikuwa sawasawa na pesa iliyokuwa inanipungukia.

Sasa niwaambie kitu kuhusu kabati la Mama. Droo ya juu imejaa kadi za michango ya harusi. Harusi za watoto wa wenzake, za wajukuu wa wenzake, hadi za watu aliokutana nao hospitali. Kila kadi amechangia, na hakuna hata moja aliyoitupa. Hajawahi kutembeza ya kwake. Jumapili baada ya misa wenzake wanagawa kadi, yeye anapokea, anashukuru, anakuja nayo nyumbani anaipanga kwenye droo.

"Dini gani, mwanangu?" akauliza tena, taratibu.

"Mkatoliki," nikasema.

Hata sikuwa najua! Mama akafumba macho. "Mana yanjye," akanong'ona, Mungu wangu, na chozi likamdondokea kwenye uji.

Nikaichukua bahasha.

Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, wasomaji wangu. Nilijua. Mtu asinitetee kwamba sikujua. Nilimpenda mama yangu dakika ile kuliko siku zote, na nilikuwa namwibia.

Mtauliza kwa nini sikusema baadaye. Nilijaribu!

Jumatano nikamfuata shambani. "Mama, kuhusu hiyo Jumamosi, hakuna..."

"Hakuna viti vya kutosha, najua. Vya parokia vinakuja hamsini."

Alhamisi nikamkuta anapiga pasi kitenge kipya. "Mama, mimi na Elipidius hatuja..."

"Hamjapata mafundisho ya ndoa. Hilo mniachie mimi, padri nitaongea naye. Jumamosi atambulishwe tu, mengine yatafuata. Ninyi watoto wa siku hizi mnasema mnafunga Jumamosi kama mnaenda gulioni!"

Ijumaa nikaona nizuie upande wa pili. Nikampigia Elipidius.

"Usije kesho."

"Tiketi nimeshakata."

"Nyumbani kuna watu wengi."

"Vizuri sana, mimi napenda watu."

"Elipidius, nisikilize. Kuna, yaani, Mama ana..."

"Anaumwa?"

"Hapana, mzima."

"Basi msalimie," akasema, na simu ikakata. Nilipopiga tena, haipatikani. Nikakaa na simu mkononi naitazama, kisha nikaenda kufua sketi yangu ya kazi, maana Jumatatu ningehitaji kuondoka nyumbani kama kawaida.

Jumamosi saa nne asubuhi nyumba yetu ilikuwa na maturubai mawili, viti hamsini, kwaya nzima ya Mama katika sare, spika mbili kubwa kama kabati, na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yamepangwa chini ya migomba. Mahoro naye alikuwepo. Mjomba Mbonimpa alikuwa amemrudisha, amemfunga kwenye mgomba wa nyuma, na kando yake kisu kinanolewa.

"Umemnunua ili umchinje hapa hapa?" nikamuuliza.

"Shughuli ya mpwa wangu naichinjia nini, panzi?" akajibu. Mjomba Mbonimpa ni kaka mkubwa wa Mama, mzee wa koti hata jua likiwaka, na hakuna kikao cha ukoo kinachofunguliwa bila yeye kukohoa.

Saa tano bodaboda ikaingia. Akashuka kijana mrefu, shati jeupe, amekumbatia boksi kifuani kwa mikono yote miwili. Alivyoona maturubai akageuka kumwambia dereva wamepotea nyumba. Dereva alikuwa ameshachukua glasi ya rubisi.

Vigelegele vikalipuka. Spika zikafunguliwa. Elipidius akanitafuta kwa macho, na mimi, nasema kweli, nilijificha nyuma ya mama wa kwaya aliye mnene kuliko wote.

Mjomba akanyanyua fimbo, muziki ukazimwa.

"Shikamoo mzee," Elipidius akasema.

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Minong'ono ikaanza. Peke yake? Hana wazee?

"Haya. Umefuata nini katika nyumba hii?"

"Nimeleta kadi, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya.

Vigelegele tena! Mama akashika kifua.

"Na ukishaleta?"

"Tunafunga leo leo, mzee, halafu nageuza."

Mtu mmoja akaweka glasi chini.

"Unageuza?" Mjomba akauliza. "Unafunga, unageuza? Leo leo? Bila padri?"

"Padri wa nini?" Elipidius akacheka, maskini, alidhani wanamtania. "Ni bisibisi tu. Nusu saa tumemaliza, mwenyewe anabaki anafurahia."

Mama mnene wa kwaya akajishika mdomo, akasogea kando, na hapo nikabaki wazi. Elipidius akaniona, akanifananisha na picha yangu ya WhatsApp. "Mackrine? Ni wewe? Njoo uione!"

Mama alikuwa amemfikia kabla yangu. Akamsalimia, akalipokea boksi kama anapokea mtoto wa ubatizo, akakaa kwenye kiti, akalifungua polepole watu wote wakiwa wamesimama. Akatoa kadi. Nyeusi, nzito, feni mbili, meno ya dhahabu upande mmoja. Akaigeuza huku. Akaigeuza kule. Akaisogeza karibu na macho.

"Ndiyo kadi yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, mama," Elipidius akasema.

Mama akaigeuza tena.

"Majina yenu yameandikwa wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama. Hakuna majina. Hakuna harusi. Hii ni kadi ya kompyuta."

Akaendelea kuigeuza.

"Nilivyosema nafunga, nilikuwa na maana ya kufunga mashine. Huyu kaka ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Sijui hata kama ni Mkatoliki."

"Mlutheri," Elipidius akasema kwa sauti ndogo.

Mjomba akalipuka. "Yaani nimechukua viti vya parokia! Nimevaa koti! Nimetangaza mpaka Kihanga! Wewe mtoto..."

Mama akanyanyua mkono, Mjomba akameza yaliyobaki.

"Ulijua lini kwamba sijaelewa?" Mama akaniuliza.

Hapo ningeweza kusema ni leo. Nani angenikatalia?

"Jumanne. Kabla sijachukua bahasha."

"Kabla."

"Kabla, Mama."

"Na hiyo mashine ni ya kazi?"

"Ya kucheza."

"Kucheza."

"Magari ya mashindano. Mama, tangu nimalize shule sijawahi kuwa na kitu ambacho si cha kazi. Nilitaka kimoja tu. Niliona aibu kukuambia, na ulikuwa unaimba jikoni."

Nikalia, tena kwa sauti, mbele ya kwaya yote. Mama alikuwa bado ameshika kadi mapajani, kidole chake kinazungusha feni moja, inazunguka, inasimama, anaizungusha tena.

"Basi Mahoro hachinjwi," akasema hatimaye.

"Hachinjwi?" Mjomba akapaza sauti. "Na watu hawa?"

"Watakula ndizi. Rubisi si ipo?" Akanitazama. "Ulisema Jumamosi unafunga. Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Funga."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Funga, tuone," Mama akasema. "Nimealika watu waje kuona mtoto wangu anafunga. Hawaondoki bure."

Waliocheka wa kwanza walikuwa wa kwaya, halafu dereva wa boda, halafu watu wote. Ikatolewa meza ya chumba cha wageni, kasha likawekwa katikati, pale palipotakiwa kukaa keki, na kioo cha kutazamia kando yake. "Mbona linanuka dagaa?" mtu akauliza, na Mjomba akasema labda ndiyo mahari.

Nilifunga mbele ya watu mia. Skrubu ya kwanza iliniponyoka ikaanguka mezani, kufikia ya tano mikono ikawa imezoea. Kadi ilipoingia kwenye mazabodi ikalia tak, na mama mmoja akapiga kigelegele hata hajui cha nini. Elipidius alinishikia waya, akasema, "Tukiwasha tu tunaweka draiva."

"Dereva yupo, anakunywa," Mjomba akajibu, akionyesha wa bodaboda.

Pawa saplai nilikuwa nimeipachika mapema, kibandiko kimetazama ndani. Niliona Elipidius anaitupia jicho. Nikasimama katikati.

"Nani anawasha?" akauliza.

"Mimi," Mama akasema. "Mbuzi alikuwa wangu."

Akabonyeza. Feni zikazunguka. Taa nyekundu ikawaka ndani ya kasha, kioo kikaangaza, na watu wakapiga kelele kama bao limeingia. Nilikumbatiana na watu nisiowajua. Nikampa Elipidius bahasha yake, akaitia mfukoni, akapewa glasi. Mjomba Mbonimpa alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba ukoo huu una mhandisi, na kwamba yeye alilijua hilo tangu nikiwa mdogo.

Gemu lilikuwa ndani ya diski tayari. Nilikuwa nimelipakia kwenye mashine ya Egbert kabla ya yale yaliyonikuta. Gari jekundu likatokea kwenye kioo, linanguruma. Mama akakaa mbele yake na kitenge chake kipya.

"Nifanye nini?"

"Bonyeza hapa, Mama. Usiachie. Gari linaondoka."

Akabonyeza. Gari likaondoka! Mama akapiga yowe, akainama upande wa kona na mwili mzima, kwaya nzima ikainama naye. "Shika njia, Mukashema! Shika njia!" Akalipita gari la kwanza. Sijawahi kumwona mama yangu akicheka hivyo, nasema sijawahi, hata Baba alipokuwa hai. Akabonyeza kwa nguvu zaidi.

Pah!

Moshi mdogo ukatoka nyuma ya kasha. Kioo kikawa cheusi. Spika zikanyamaza, maana swichi kubwa ya nyumba ilikuwa imejizima nayo. Watu wakakimbia na viti vyao. Mahoro akakata kamba, akapita katikati ya maturubai, akaelekea barabarani. Mjomba akamfuata na koti lake, kwaya ikamfuata Mjomba.

Tukabaki watatu.

Mama alikuwa bado na kidole juu ya kitufe, amekikaza vile vile.

"Mackrine," akasema. "Nimeiua mimi?"

Kabla sijajibu Elipidius alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya kasha. Akanusa. Akalegeza skrubu nne, akaivuta pawa saplai nje, akaigeuza, akasoma kibandiko.

"Mia tatu," akasema. Akaninyanyulia uso. "Uliniambia mia tano."

"Kadi imepona?" nikauliza.

"Sijui. Mpaka tupate pawa saplai nyingine. Inawezekana imepona, inawezekana imekwenda nayo."

Mama akatoa kidole kwenye kitufe.

"Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe, Mama. Ni mimi. Nilijua ni ndogo."

"Na huyu naye ulimdanganya."

"Ndiyo."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alisimama, akanyoosha kitenge chake, akanitazama kama alivyoitazama ile kadi akitafuta majina. Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, sketi yangu ya kazi ilikuwa inakauka.

"Mackrine. Kuna kingine?"

Ningesema hakuna, yangeisha. Elipidius alikuwa ameinamisha kichwa, anajifanya anahesabu skrubu. Kutoka barabarani nilisikia kwaya inamwita Mahoro kwa jina.

"Kipo, Mama," nikasema. "Ila kaa kwanza."

Hakukaa.